Mhakiki wa Gemu Aliyekataa Kuomba Radhi

Wiki iliyopita alifariki Kizingitini mtu mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua, na wachache mliomjua mlikuwa mmeshaacha kumsalimia. Nilikuwa Amu, yaani mji wetu wa Lamu, nimekuja kumtazama mama, kaka yangu aliporudi msikitini na kutuambia, akiwa bado amesimama, kwamba yule mpangaji wetu wa zamani, yule bwana wa gemu, moyo wake umesimama asubuhi akiwa ameshika kikombe cha chai, na kwamba atazikwa baada ya sala ya alasiri. Mama alisema inna lillahi, akafunika uso kwa ukingo wa leso. Kaka akapanda boti na wanaume wengine wa mtaa kwenda kuzika, nami nikabaki nyumbani, kwa sababu sisi wanawake makaburini hatuendi. Aliporudi jioni nilimuuliza mambo yalikwendaje. Akasema watu walikuwa wengi, na shehe alipowageukia na kuuliza, kama ilivyo ada yetu, mwamshuhudia vipi maiti huyu, walijibu kwa sauti moja kwamba alikuwa mtu mwema. Aliuliza mara tatu na mara tatu walijibu. Nikamuuliza ni nani waliojibu kwa sauti kubwa zaidi. Kaka yangu si mtu wa kuficha mambo. Akanitajia mmoja mmoja, na karibu wote walikuwa wazee wa hapa Amu waliowatoa watoto wao katika chumba cha gemu cha marehemu mpaka akakifunga.

Sibishani na shahada ile. Ni rehema, na kila mmoja wetu ataihitaji siku yake ikifika. Lakini nimekasirika, wasomaji wangu, na nimekasirika tangu siku ile, na nisipoandika sasa nitaandika vibaya zaidi baadaye.

Alikuwa mtu wa Kizingitini kwa kuzaliwa, na ujana wake wote alipiga mbizi za kamba wakubwa, wale wanaouzwa hoteli za mbali. Kina cha maji kilimharibia sikio moja, daktari akamkataza kuzama tena, naye akaja Amu akapanga chumba cha chini cha nyumba yetu, kile chenye mlango wake wa uchochoroni. Akatia skrini, mashine za gemu, viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikilia kuliko ilivyopuliza. Watoto walikuja wakitoka chuoni kusoma Kurani, vijana walikuja baada ya alasiri, na watu wazima wenye ndevu zao walikuja wakijifanya wanawatafuta watoto wao. Magharibi ikiadhiniwa alizima kila kitu, hata kama mtu alikuwa amebakisha dakika moja kufunga bao la ushindi, na matusi aliyotupiwa kwa sababu hiyo alikuwa akiyapokea kwa kucheka. Kelele zile zilimuudhi mama kwa mwezi mmoja. Kisha akazizoea, na zilipokuja kuisha alisema nyumba imekuwa na baridi.

Lakini chumba hakikuwa ndicho kilichompa jina. Jina alilipata kwa ulimi. Kila gemu mpya ilipomfikia, alikuwa akiicheza, kisha anashika simu na kurekodi maoni yake, kwa Kiamu alichokizoea mjini, na akikasirika Kibajuni cha kwao kikimponyoka. Sauti zile zilisambaa. Zilifika Kiunga, zilifika Ndau, zilifika Mombasa ninakoishi, na jirani yetu mwenye mtoto Uarabuni alisema kule nako watu wa pwani wanazisikiliza kazini. Mimi sikuwa nacheza gemu na sichezi mpaka leo, lakini nilikuwa nikizingoja kama wengine wanavyongoja taarifa ya habari. Alichokuwa akifanya kilikuwa kigeni kabisa kwetu. Alikuwa akitenga kizuri na kibaya ndani ya kazi moja, na hakukubali kimoja kimfiche mwenziwe.

Kuhusu gemu ya mpira inayotolewa kila mwaka alisema, "Huyu ni mtu yule yule wa mwaka jana, mevaa kanzu mpya ya Idi. Lakini mpira ukipigwa wasikika kama mpira. Hiyo sauti wameipata, siwezi kuwadhulumu." Kulikuwa na gemu ya vita iliyovuma sana, vijana wakiililia, ambayo maadui wake wote wamevaa vilemba na wanapiga kelele kwa Kiarabu cha ovyo. Yeye alikaa na jirani aliyewahi kufanya kazi Uarabuni, wakasikiliza, wakagundua kwamba askari mmoja, kila akipigwa risasi, anauliza kilo ni bei gani. Aliwarekodia watu huku anacheka mpaka anakohoa. Kisha akaongeza, "Lakini mvua ya gemu hiyo, fundi wake apewe haki yake. Niliketi tini ya mvua ile nikasahau vita." Nyingine ilikuwa ya mabaharia na hazina, imetengenezwa kwa fedha nyingi na watu wengi, na bahari yake ilimfanya mpiga mbizi yule wa zamani anyamaze mbele ya skrini. Ila jahazi lake lilikuwa likiukabili upepo uso kwa uso na tanga limejaa. "Wametia samaki wenye magamba yanayong'ara," alisema, "na hapana mmoja wao aliyemuuliza nahodha."

Ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa gemu ndogo, ya mjane mmoja anayerudi kulima shamba lake baada ya mafuriko. Nilishuka siku moja kumpelekea uji kutoka kwa mama nikamkuta anaicheza, chumba kitupu, watoto wako chuoni. Picha zake zilikuwa kama zimechorwa na mtoto wa darasa la pili. Nikamuuliza anaona nini humo. "Bi, picha zake mbovu, muziki wake waudhi, vidole vyaniuma," akasema, "na mimi nimelia mara mbili tangu asubuhi." Nikamwambia mtu mzima kulilia mchezo wa watoto ni jambo la kutia aibu. Akanitazama, akasema, "Na wewe waandika kwenye gazeti ambalo wauza mandazi walingojea kwa hamu wafungie. Tuache kusemana." Nilicheka njia nzima hadi juu, na tangu siku ile tukawa na utani kila nilipokuja nyumbani.

Msidhani namtengenezea sanamu. Alikuwa na kiburi cha mtu anayejua kwamba anasikilizwa. Alipenda sauti yake kupita kiasi, na rekodi ambayo ingetosha dakika chache aliirefusha mpaka simu za watu zikajaa. Tabia ya kuhakiki ilimtoka gemuni ikamfuata mpaka harusini, na yuko bibi mmoja mtaani kwetu ambaye hakumsamehe kwa alivyoisema pilau yake. Gemu moja ya kucheza ngoma, ambayo wasichana waliipenda sana, aliidharau bila ya kuitendea haki, kwa sababu tu alikuwa hapendi muziki wa aina hiyo, na wasichana waliacha kuja. Nilimwambia amekosea, akabisha, akaendelea kubisha mpaka nikapanda ngazi nikamwacha anabishana na feni. Kulikuwa na kazi alizozisema zitasahauliwa kabla ya mvua, na mpaka leo watoto wanazicheza. Alikuwa kama zile gemu zake, na sehemu mbovu yake haikuwa ndogo.

Sasa niwafikishe pale pabaya. Iko kampuni moja huko Nairobi, jina lake silitaji, iliyoamua kutengeneza gemu ya mji wa Amu. Aliyepewa kazi ya kuchora nyumba na vichochoro alikuwa binti wa hapa hapa, wa ukoo unaojulikana, aliyekwenda kusoma mambo ya kompyuta na kurudi na sifa. Mji ulijaa furaha, na furaha ile ilikuwa halali. Vijana wetu kadhaa walilipwa kutia sauti. Siku ya uzinduzi, gemu ikiwa bado haijaanza kuuzwa, watu walikusanywa asubuhi katika ua wa hoteli moja ya mbele ya bahari, halua na kahawa vikapita, skrini kubwa ikawekwa, na wakubwa wakakaa mstari wa mbele. Nami nilialikwa kama mwandishi. Kipaza sauti kikazungushwa. Mzee mmoja akasema mashaallah, wa pili akasema mashaallah tumepata kizazi, wa tatu akasema dunia sasa itatujua. Kisha mshereheshaji akamwona mpangaji wetu amekaa nyuma, akasema huyu hapa ndiye mtaalamu wetu wa gemu, naye tumsikie.

Alisimama na kanzu yake iliyopigwa pasi. Maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu niliyarekodi, nikidhani nitayatumia katika safu hii kama jambo la furaha. "Kwanza nampa hongera mwanetu," akasema. "Mwanga wa vichochoro mumeupata. Plasta za kuta mumezipata. Mlio wa kwato za punda ndiani, nilifumba mato nikajiona niko nde ya chumba changu. Hiyo ni kazi ya mtu anayeipenda nti yake. Lakini nimengia nyumba zote za Amu, na hapana hata mmoja aloniambia ngoja. Naupiga mlango teke, naruka daka, nafika ndani kwa wanawake, navunja sahani za zidakani, natoka na dhahabu, na mama wa nyumba anitazama acheka. Nyumba ya Amu haikujengwa hivyo. Imejengwa kumngojesha mtu. Na hadithi nayo yachoka katikati, ni kukimbia na kuokota, kukimbia na kuokota. Irudisheni kazini. Mkiipa muda itakuwa gemu. Kwa sasa ni picha nzuri."

Wasomaji wa bara huenda msione uzito wa maneno hayo, kwa hiyo niseme. Nyumba zetu za mawe zina daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya kujengewa, na hapo ndipo mgeni anapopiga hodi na kukaa. Akikaribishwa anapita tekani, penye ukuta uliopindwa ili jicho lake lisifike ndani kabla ya miguu. Mume mwenye nyumba naye hupiga hodi akirudi na wageni. Waliojenga walitumia chokaa na mawe mengi kwa kusudi hilo moja tu, kwamba asiyeitwa asubiri. Kila aliyekuwa amekaa katika ua ule wa hoteli analijua hili tangu utotoni. Wakubwa wa mstari wa mbele wanatoka katika nyumba hizo hizo. Wote walikuwa wametazama skrini, wameona mchezaji anapiga teke mlango wa nyumba ya Amu na kuvunja vyombo vya mama wa watu vilivyo katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na wote walikuwa wamesema mashaallah.

Mkubwa mmoja akacheka na kusema kila mtu na maoni yake, mshereheshaji akakinyakua kipaza sauti, na yule binti akainamisha kichwa, kisha akatoka kwa mlango wa pembeni huku anapangusa macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika. Nitasema na hili pia, kwa sababu marehemu mwenyewe asingenisamehe nikilificha: pale hapakuwa mahali pake. Angeweza kumwomba binti wazungumze faragha, mbele ya mama yake. Aliyemsimamisha alitaka kupambiwa sherehe, naye alijua hivyo, na nadhani ndani yake alifurahi kidogo kuwanyima. Lakini alichosema kilikuwa kweli tupu, na hakuna hata mmoja aliyesimama kukikanusha, si siku ile wala baadaye.

Badala ya kukikanusha wakatafuta sababu ya yeye kukisema, na kwetu sababu ya namna hiyo haitafutwi mbali. Kabla ya magharibi neno lilikuwa limeshazunguka mji mzima kwamba ana kijicho. Mtoto wa watu amepewa neema na Mungu, yeye amemtia jicho hadharani. Wengine wakaongeza la kule alikozaliwa: "Mtu wa Kizingitini, kwao nyumba za makuti, leo yuaja kutufunza daka." Waliosema hivyo walikuwa watu wa swala na heshima. Wale vijana waliotia sauti wakamwambia usoni kwamba amewakatia riziki, maana kampuni haitarudi. Wazazi wakawakataza watoto kukanyaga chumbani kwake wasije wakapatwa na jicho lile. Hakuna mkutano ulioitishwa, hakuna aliyetangaza lolote. Viti vya plastiki vikabaki vitupu tu, na nilipokuja kwa likizo nilimkuta amekaa peke yake mbele ya skrini zilizozimwa, anasoma gazeti. Nilipomsalimu alinijibu bila ya utani wowote.

Kaka yangu, ambaye ndiye msimamizi wa nyumba, alipata shinikizo la kumfukuza. Mama alikataa, akasema mpangaji haondolewi kwa maneno ya barazani. Basi kaka akamwita aje azungumze naye. Wakaketi dakani, mimi niko tekani naosha mchele na kuwasikia. Kaka alimbembeleza kwa adabu sana. Alimwambia arekodi sauti moja fupi, aseme aliteleza ulimi, amwombe radhi binti na ukoo wake, na watu watarudi kabla ya Ijumaa. Kaka alikuwa anamtakia heri, wala simlaumu. Yule bwana akasema, "Bwana, kumliza mtoto wa watu naomba radhi, na mamake nishamwendea nikamwambia. Lakini hilo la kuteleza ulimi silisemi. Nikiomba radhi, yule mwanamke mle ndani ya gemu ataacha kucheka akivunjiwa vyombo?" Kaka akamwambia ni gemu tu. Akajibu, "Kwenu ni gemu tu. Ndiyo maana mwaweza kuisifu." Hawakuzungumza tena jambo hilo. Mashine akaziuza moja moja, feni akatuachia, akarudi Kizingitini kumpimia kamba mfanyabiashara mmoja wa huko, na rekodi zake zikakoma.

Tangu hapo nimekuwa nikiutazama mji wangu kwa jicho baya, na nchi yangu pia. Tumeifanya sifa kuwa jambo la adabu tu. Mtu akikuonyesha alichotengeneza, unamsifu kama unavyompa maji mgeni, bila ya kukitazama, kwa sababu kutosifu ni utovu. Neno mashaallah halina kosa lolote, ni letu na ni zuri, wenye makosa ni sisi tunaolitumia kufungia mazungumzo. Gati linajengwa vibaya, tunasifu, na mwaka wa pili wazee wanabebwa mgongoni kushuka botini. Kitabu kinachapishwa kimejaa makosa, tunasifu uzinduzi wake na sahani za sambusa. Mimi mwenyewe nimekaa katika kumbi ambamo msomi anamsifu mwandishi kwa nusu saa, na ukisikiliza vizuri unajua kwamba amesoma jalada. Katika nchi hii unaruhusiwa kusema kazi ni tamu kama halua au unaruhusiwa kuitukana kwenye simu ukiwa umeficha jina. Anayesema kwamba hapa umepata na hapa umekosa, na bado yawezekana kutengenezwa, huyo hatujui tumweke wapi. Tunamwona adui, kwa sababu adui tunamjua.

Siku ya pili ya tanga nilikwenda Kizingitini na wanawake wa mtaa wetu, tukafikia kwa dada yake. Nyumba ilikuwa imejaa, mikeka imetandikwa mpaka uani, na wake wa wale wazee waliojibu kwa sauti kubwa makaburini walikuwa wamekaa mbele wakieleza jinsi marehemu alivyokuwa mcheshi na alivyowapenda watoto. Nilinyamaza, kwa sababu ya dada yake. Karibu na adhuhuri akaingia yule binti aliyechora gemu, na shangazi yake nyuma yake. Watu wakanong'ona. Alimpa mkono mfiwa, akatafuta nafasi, akaja kukaa karibu nami. Amekonda. Akaniambia polepole, kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Shangazi, watu wa Amu wanadhani yeye ndiye aliniumiza."

Nikamuuliza, kwani hakumuumiza?

"Aliniumiza sana. Nilimchukia, wallahi. Lakini nilirudi ofisini nikaomba tupewe muda, tuiweke hodi, tutengeneze ile stori. Bosi akanifungulia video ya uzinduzi. Akaniambia, si hawa ndio wenye mji? Wazee wenu wote wameridhika. Huyu mmoja ako na shida zake. Basi ikatoka vile ilivyokuwa." Nikamuuliza ikawaje. "Haikununuliwa. Walioinunua waliiacha, wakasema inachosha. Project ikafungwa, tukaachishwa kazi wengi wetu. Saa hii nafundisha watoto kutumia kompyuta."

Nilidhani amemaliza. Alikuwa anaukunja na kuukunjua ukingo wa buibui lake. "Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu," akasema. "Kabla ya uzinduzi tuliwatumia wageni wote, isipokuwa nyinyi waandishi, gemu kwa simu zao, waicheze kwanza, waje na maoni. Na sisi kazini tunaona kila mchezaji amefika wapi. Wale wazee waliosimama kusifu, wengi hata hawakuifungua. Waliofungua waliishia mlango wa kwanza. Aliyeicheza yote hadi mwisho ni yeye peke yake. Akaimaliza, akarudi akaianza upya. Nilikaa miaka nachora nyumba zile, Shangazi. Kila sahani. Mtu mmoja tu ndiye aliingia zote, na mimi hata simu sikumpigia."

Dada wa marehemu alikuwa amemwona analia, akajisogeza kwenye mkeka akamshika goti. Hakumjua ni nani. "Mwanangu, wamyuaje ndugu yangu?" akamuuliza. Binti akasema marehemu aliwahi kucheza gemu aliyoitengeneza yeye. Yule mama akafurahi, kama wafiwa wanavyofurahia kila kipande kipya wanachopewa, akauliza, "Aliipenda?" Binti akafikiri kidogo. "Hapana," akasema. "Alitaka niifanye iwe nzuri." Yule mama akatikisa kichwa, akasema ndivyo alivyokuwa tangu mdogo, hata chakula chake mwenyewe alikuwa akikitia makosa.

Somo ninalolipata hapa si la gemu, na silitoi kwa upole. Mkipewa kazi ya mtu, ifungueni. Itazameni mpaka mwisho, kisha mwambieni kweli mliyoiona, nzuri na mbaya, angali hai na kazi ingali yaweza kurekebishwa. Msipokuwa na muda huo, nyamazeni, kunyamaza hakujamdhuru mtu. Wale wazee walisifu kitu wasichokitazama, na sifa yao ndiyo iliyomkosesha binti yule nafasi ya kuitengeneza kazi yake, na ndiyo iliyomfungia yule bwana chumba. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa kwa nini alisifu.